Naomba ushauri: gugu maji linadhoofisha mwani kwa kemikali au kwa kivuli?

Wakuu, habari zenu. Nina ndoo mbili za maji ya bwawa yenye mwani. Moja nimetia gugu maji, lile vamizi, nyingine Ceratophyllum, mmea usio na mizizi unaokaa chini ya maji. Wiki mbili tu, ya gugu maji naona hadi kitako cha ndoo. Ya pili bado ina ukijani. Nimesoma kwamba Myriophyllum spicatum, mmea mwingine wa chini ya maji, hutoa polifenoli (kemikali za mimea) zinazozuia sianobakteria, yaani bakteria wanaoishi kama mwani. Ila gugu maji pia linaziba mwanga na kunyonya naitrojeni na fosforasi, sasa nitatenganishaje? Nimewaza nichuje maji yake, nirudishie mbolea, nioteshe mwani humo juani. Inatosha, au bakteria watakuwa wameshaila hiyo kemikali?