"Look forward to hear" au "to hearing"?

Wakuu naombeni msaada, naandika barua ya kuomba kazi mwisho nimeweka "I look forward to hear from you", dada kasema nimekosea, sasa si tulifundishwa baada ya to kinakuja kitenzi kitupu?

Jibu: Dada yuko sahihi. Hiyo to ni kihusishi (preposition), neno linalofuatwa na nomino, jaribu kuweka nomino baada yake, "I look forward to the weekend", imekaa si ndio? Basi kitenzi kinavaa -ing. Ila "I want to the weekend" haikai kabisa, ndo maana tunasema "I want to hear".

Jibu: Na stop nayo muwe makini jamani, "he stopped smoking" kaacha sigara, "he stopped to smoke" kasimama avute, maana mbili tofauti kabisa.

Muulizaji: Asanteni sana, narekebisha kabla sijatuma.