"Macho yako ndiyo mabovu": yule wa taa za baiskeli leo kavuka mpaka

Yule yule muuza taa. Mnamjua. Karudishiwa taa iliyozimika baada ya dakika 20, katikati ya mteremko wa msitu wa Mabira, mizizi kila upande, naye mbele ya wateja ananijibu: "Taa nzima, macho yako ndiyo mabovu." Macho ndiyo yaliyokula chaji?

Boksi linasema mwanga wa lumeni 10,000, betri moja ya saizi ya 18650, chaji ya mAh 9,900. Muongo! Betri nzuri ya saizi hiyo ni 3,500 hivi. Nimeiweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 27. Halisi haipungui 45. Nikachana ganda: kibetri kidogo, kwingine kote unga mweupe. Unga, jamani! Halafu macho yangu ndiyo mabovu.

Na lumeni 10,000 zinataka wati kama 100. Hata betri halisi ingekata roho ndani ya dakika 8.

Kanyaga_Lugazi: Taa ya bei ya rolex mbili, zile chapati za mayai, ulitaka ikuangazie mpaka Jinja?

MlimaElgon: Ulifunga moja tu, tena kwenye helmeti? Basi kweli ulikuwa huoni. Mwanga ukitokea karibu na macho hufuta vivuli, shimo linaonekana tambarare. Usukani uwe na mwanga mpana, lumeni 800 halisi zinatosha. Ya helmeti iwe nyembamba, ifuate kona.

Mwenye uzi: Kwa hiyo na wewe unasema macho?

Njia_Panya: Ukungu ukishuka punguza ya helmeti, la sivyo unatazama ukuta mweupe. Ila mimi kilio changu ni vishikio. Barabara ya murramu ikianza mawimbi, taa inainama inaangaza tairi. Kata kipande cha tyubu kuukuu, zungushia usukani, ndipo ukaze kishikio juu yake.

Kanyaga_Lugazi: Tyubu kuukuu unazipata wapi? Zangu zote ni viraka. Na viraka vya siku hizi havishiki kabisa, wezi wakubwa hao!

MlimaElgon: Vinashika. Mnabandika solusheni, ile gundi, ikiwa mbichi. Sugua kwa msasa, paka nyembamba, ngoja mpaka ukiigusa isinate kidoleni, ndipo ubandike na ukandamize.

Mwenye uzi: Jamani, mtu kaniambia macho yangu mabovu!

Njia_Panya: Msasa namba ngapi?