Mada: Shule imempa binti yangu "mtoto" wa kulea wikiendi nzima. Kuna aliyepitia hili?

Kutoka: Mama wa Columbus
Jumamosi, saa 4 usiku

Wapendwa, shikamooni wakubwa, wengine habari za huko mliko.

Nina binti wa miaka 15, yuko sekondari hapa Columbus, Ohio. Muhula huu kachukua somo la malezi, kama lile sisi tuliloliita sayansi kimu. Jana kaja nyumbani amebeba kiti cha mtoto cha kwenye gari, ndani yake mdoli mwenye uzito wa kichanga kabisa, kompyuta iko tumboni. Analia saa anayotaka yeye. Binti kavishwa bangili mkononi, na mdoli hatulii mpaka aisikie bangili hiyo, kwa hiyo mimi na dada yake hata tukitaka kumpokea hatuwezi. Inabidi abahatishe mwenyewe: njaa, kucheulishwa, nepi, au anataka kubembelezwa tu. Akimwinua bila kushika shingo, inarekodiwa. Akimtikisa, inarekodiwa. Jumatatu mwalimu anasoma kila kitu na kutoa alama. Barua ya shule inasema tukimharibu tunalipa, na bei yake si ya mchezo.

Usiku tumeamka saa 8, saa 9 na nusu, na saa 11 kasoro. Ile ya mwisho nilimkuta kakaa chini ya sinki la jikoni, mdoli amenyamaza, yeye ndiye analia. Akaniambia, "Mama, mimi sizai. Hata niolewe, sizai." Nikacheka. Halafu nikaona mwenzangu hacheki.

Mama yangu yuko hapa kututembelea, katoka Tanga. Asubuhi kaliangalia lile jambo, akauliza swali moja tu: "Kwani huyu mtoto hana bibi?"

Naomba uzoefu wenu. Mzazi anaruhusiwa kukataa kitu kama hiki? Na mtoto akisema hivyo, unamwacha apoe au unazungumza naye?


Kutoka: Mjomba wa Perth
Jumapili, saa 3 asubuhi

Dada, pole na usiku. Huku Australia Magharibi midoli hiyo ilipimwa kweli kweli, maana watu walitaka kujua kama inasaidia. Walichukua shule 57 za Perth, wasichana zaidi ya 2,800 wa miaka 13 hadi 15. Shule nyingine zilipewa mpango wenye mdoli, nyingine ziliendelea na masomo yao ya kawaida ya afya. Wasichana wakafuatiliwa kwenye kumbukumbu za hospitali na kliniki mpaka wakafika miaka 20. Majibu yalitoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2016. Waliolea mdoli, asilimia 8 walishazaa. Ambao hawakulea, asilimia 4. Waliotoa mimba, 9 kwa 6.

Yaani kitu kilicholetwa ili kuwatisha hakikutisha. Mimi nadhani (hii ni yangu, msiniulize ushahidi) kuna mabinti ambao wikiendi ile ilikuwa ya kwanza kila mtu nyumbani kuwajali na kuwauliza wanaendeleaje.

Kwa hiyo usimwachie mdoli kazi ya kuzungumza na binti. Hiyo kazi ni yako.


Kutoka: Msomaji wa Reading, Uingereza
Jumapili, saa 5 asubuhi

Kuhusu kukataa: kila nchi na hata kila jimbo lina yake, muulize mwalimu mkuu kwa barua pepe ili ubaki na maandishi. Hapa Uingereza, upande wa England, masomo ya mahusiano na ya jinsia ni lazima sekondari tangu Septemba 2020. Mzazi anaweza kuomba mtoto atolewe kwenye sehemu ya jinsia, ila ikibaki mihula mitatu kabla hajafika miaka 16, mtoto mwenyewe akitaka kusoma anasoma. Sehemu ya mahusiano huwezi kumtoa, wala ya baiolojia. Mimi nilikwenda shuleni nikiwa na hasira, nikaomba kuona vitabu. Nikaonyeshwa. Nikarudi nyumbani sina la kusema.


Kutoka: Kaka wa Aarhus
Jumapili, saa 7 mchana

Denmark masomo hayo ni lazima tangu 1970, na kwa muda mrefu shabaha ilikuwa moja, namna ya kutopata mimba. Kufikia 2015 Sex & Samfund, shirika linaloandaa vitabu na wiki maalumu ya somo hilo, likageuza kidogo. Wakaongeza jinsi mimba inavyopatikana, umri unavyopunguza uwezo, na kwamba kuna watu wanaitafuta wasiipate. Sababu watoto wanaozaliwa ni wachache, na watu wanaanza kuzaa wamechelewa. Kijana wangu alirudi ananiuliza mimi nilikuwa na miaka mingapi alipozaliwa. Nikamwambia 38. Akaguna tu.


Kutoka: Wa Toronto
Jumapili, saa 9 alasiri

Hebu niulize swali la kichokozi. Asipozaa, kuna ubaya gani? Kule kwetu Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke alikuwa na wastani wa watoto 8. Utafiti wa 2022 unasema 3.4, na kadiri msichana anavyosoma ndivyo anavyozaa wachache. Hakuna mdoli aliyewafanyia hivyo. Ni shule yenyewe, miaka inayopita ukiwa darasani na mambo mengine unayoona unaweza kuyafanya. Binti ana miaka 15, mwacheni alale.


Kutoka: Mwalimu mstaafu, Minneapolis
Jumapili, saa 2 usiku

Shikamoo kwa bibi wa Tanga, na swali lake limenifurahisha kuliko yote humu.

Nimefundisha sekondari Tanzania miaka mingi kabla sijawafuata wanangu huku. Naomba tusiwasingizie Wazungu. Sisi tulifundishaje? Kwenye shule niliyokuwa, kila wakitoka likizo wasichana walipangwa foleni nje ya chumba cha matroni. Wanaingia mmoja mmoja, tumbo linabonyezwa. Mimi nilishika daftari la majina. Aliyekutwa na mimba alifunga sanduku siku hiyo hiyo, na wenzake wanamtazama kupitia madirishani. Mvulana aliyempa, kama ni mwanafunzi, sikumbuki tukimtafuta. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba katika utawala wake mwenye mimba harudi shuleni. Waraka wa kuwarudisha ulikuja Novemba 2021. Wenzetu Wakenya walikuwa na sera hiyo tangu 1994.

Msichana aliyepita kwenye foleni ile tangu kidato cha kwanza, kuhusu uzazi tulimfundisha nini? Kwamba mimba ni adui wa shule. Basi, hakuna somo la pili. Halafu akifika miaka 26 na digrii yake, mashangazi wote wanampigia: "Mbona kimya?" Tumemtisha ujana mzima, tunataka ageuke usiku mmoja wa harusi.

Na tumehama nayo. Mdogo wangu wa Columbus, usinichukie. Umemwambia huyo binti "soma kwanza" mara ngapi? Na mara ya mwisho kumsimulia siku aliyozaliwa yeye ilikuwa lini?

Wa Toronto, sisemi azae. Nasema akikataa, akatae kitu alichokiona sawasawa. Watoto wetu huku hawana mdogo wa kubeba, hawana jirani aliyejifungua. Yule mdoli ndiye kichanga cha kwanza binti yako kumshika, au nakosea?


Kutoka: Mama wa Columbus
Jumatano, saa 3 usiku

Marahaba kwa niaba ya mama, anawasalimu. Mwalimu, hukukosea. Niliisoma barua yako mara mbili, nikaenda kukaa kitandani kwa binti, nikaanza: masika, tunatoka kijijini kwenda hospitali ya Bombo, gari limezama kwenye tope kabla ya kufika Muheza, baba yako anasukuma na suruali ya kazini. Nilikuwa sijawahi kumwambia. Akaniuliza kama niliogopa. Nikamwambia niliogopa sana, na bibi yako alikuwa nyuma ya gari ananiimbia kwa sauti mbaya. Kama bado hataki kuzaa sijui, sikuuliza.

Shuleni niliuliza. Kumbe ningeweza kukataa, angepewa insha ya kuandika.

Alama: 71. Mwalimu katuonyesha karatasi. Jumapili mchana kuna dakika 40 mdoli amelia bila kuhudumiwa, na shingo haikushikwa vizuri mara sita. Binti alikuwa bafuni anaoga, akapitiwa na usingizi humo humo. Bibi alimwona mdoli analia, akachukua kanga, akamfunga mgongoni, akaendelea kuchambua mchele.