Kuhamisha bodi za i.MX6 kutoka kerneli ya zamani kwenda kwenye mti wa vifaa, bila ya kuigusa butiloda

Fundi wa Wete:

Assalaamu alaykum. Ninatunza bodi kadhaa za i.MX6 (chipu ya aina ya ARM) zinazopima kina cha maji katika matangi huku Pemba. Zote zinaendeshwa na kerneli (kiini cha Linux) 3.0.35 tuliyopewa na muuzaji, ambayo maelezo ya vifaa vyake yameandikwa kwa lugha ya C ndani ya faili moja ya bodi yenye mistari zaidi ya elfu. Nataka kuhamia kerneli ya sasa, ambayo haina tena nafasi ya faili kama hiyo na inadai mti wa vifaa, yaani faili ya data iliyo nje ya msimbo, inayoeleza vifaa vya bodi. Kikwazo ni U-Boot iliyomo, yaani butiloda, programu inayoianzisha kerneli: ni ya zamani, inapakia uImage (kerneli iliyofungwa kwa ajili ya U-Boot) na kuipa kerneli namba ya mashine (inayotambulisha aina ya bodi) tu, wala haijui kupeleka mti. Bodi moja iko Kojani, na sithubutu kuibadilishia butiloda kwa mbali, kwani umeme ukikatika katikati ya kuandika sina njia ya kuiamsha ila kuifuata kwa mashua. Je, inawezekana kuhama bila ya kuigusa? Na ile faili ya C niigeuze vipi?

Mwalimu wa Mbweni:

Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Njia ipo ndani ya kerneli yenyewe. Katika mipangilio ya kerneli washa CONFIG_ARM_APPENDED_DTB, uukusanye mti kwa dtc (programu inayougeuza maandishi yake kuwa baiti), uubandike mwishoni mwa zImage (kerneli iliyobanwa) kwa amri ya cat, kisha uvifunge pamoja kwa mkimage viwe uImage. Anwani ya kupakia iwe 0x10008000, kwa sababu kumbukumbu ya i.MX6 huanzia 0x10000000. Kerneli inapoanza hutazama baiti zinazofuata mwisho wake, na ikikuta alama 0xd00dfeed hujua kuwa ni mti, ikaufuata huo badala ya namba ya mashine. Washa pia CONFIG_ARM_ATAG_DTB_COMPAT, ili ukubwa wa kumbukumbu na mstari wa amri ambavyo U-Boot yako hupeleka kwa mtindo wa zamani viingizwe ndani ya mti.

Ama hiyo mistari elfu, usiigeuze mmoja mmoja. Sehemu kubwa yake inasajili vilivyomo ndani ya chipu, na hivyo vimekwisha kuelezwa katika imx6q.dtsi au imx6dl.dtsi. Kazi yako ni kuvijumuisha, kuviwasha unavyovitumia kwa status = "okay", na kueleza yaliyo ya bodi yako tu: pini, vidhibiti vya umeme, na vifaa vilivyofungwa kwenye I2C na SPI (njia za kuunganisha chipu ndogo). Anza na konsoli pamoja na kadi ya kuhifadhia. Mfumo ukifika kwenye kuingia, ndipo uongeze mtandao na vipimio.

Pahala pa kuwa na subira ni kwenye GPIO (pini za matumizi ya jumla). Faili ya zamani huandika namba moja, tuseme 130, lakini mti hutaka kikundi na pini. Ukigawa 130 kwa 32 unapata 4 na baki 2, na kwa kuwa vikundi vya i.MX6 huhesabiwa kuanzia 1, hiyo ni &gpio5 pini ya 2. Kisha useme kama pini inafanya kazi ikiwa juu au ikiwa chini, jambo ambalo katika C mara nyingi lilijificha ndani ya draiva (programu inayoendesha kifaa). Lisome kwenye mchoro wa umeme wa bodi. Ukibahatisha, pampu itawaka pale ulipotaka izime.

Mhandisi, Unguja:

Naongeza tahadhari moja. Katika mifano mingi utaona pini imepewa thamani 0x80000000, na watu huinakili bila ya kuuliza. Maana yake ni kwamba draiva isiguse mpangilio wa umeme wa pini hiyo, ibaki kama butiloda ilivyoiacha. Itafanya kazi leo, lakini siku utakapobadilisha U-Boot, I2C huenda ikanyamaza na hutajua sababu. Soma thamani halisi kwenye rejista (vihifadhi vya mipangilio ndani ya chipu) za bodi inayofanya kazi sasa, uziandike kamili.

Kuhusu kubandika mti, mimi nauona kama gongo la kutembelea kwa muda. Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alilalamikia msimbo wa ARM mwaka 2011 kwa sababu kila bodi ilikuja na faili yake, na toleo la kerneli 6.3 la mwaka 2023 liliondoa faili nyingi za aina hiyo. Faida ya mti ni kerneli moja kwa bodi tofauti. Ukiubandika, unarudi kuwa na kerneli moja kwa kila bodi.

Fundi wa Wete:

Nashukuru nyote. Je, kerneli mpya ikigoma kuanza huko Kojani, bodi itarudi vipi kwenye ile ya zamani?

Mwalimu wa Mbweni:

Anayosema Mhandisi ni sahihi, ila gongo hilo ndilo litakalokuvusha. Kwa swali lako, weka kerneli zote mbili na utumie mazingira ya U-Boot (vigezo vyake vilivyohifadhiwa), ambayo unaweza kuyaandika ukiwa ndani ya Linux kwa fw_setenv. Katika bootcmd (amri ambazo U-Boot huziendesha bodi inapowaka) weka sharti: kigezo cha jaribio kikiwa 1, kwanza kigeuzwe 0 na kuhifadhiwa kwa saveenv, kisha ipakiwe kerneli mpya, kikiwa 0, ipakiwe ya zamani. Ongeza panic=10 kwenye mstari wa amri, ili kerneli ikianguka ijiwashe tena. Kwa ile inayoganda kimya, washa saa ya ulinzi (inayoiwasha bodi upya isipohudumiwa) ukiwa bado U-Boot, kwa amri ya mw kwenye rejista ya 0x020bc000. Muda wake wa juu ni sekunde 128, kwa hiyo hakikisha draiva ya imx2_wdt imo ndani ya kerneli mpya na kuna programu inayoihudumia mapema, la sivyo hata kerneli isiyo na kasoro itazimwa na kuonekana mbovu.