Acheni kutudanganya kwamba Linux inakubali kila laptopu, WiFi yangu iko wapi?

Wakuu, leo nina hasira, lugha mtanivumilia.

Humu mtu akilalamika laptopu nzito, jibu ni lile lile: weka Linux (mfumo endeshi wa bure badala ya Windows), draiva zote zimo, yaani programu zinazoendesha vifaa vya mashine. Zote zipi? Nimeweka Debian 12, mojawapo ya aina za Linux, kwenye laptopu ya mtumba niliyonunua hapa Mwanga, Kigoma. Sauti inatoka, skrini safi. WiFi ndiyo haipo. Sisemi inashika vibaya, nasema haipo, hata orodha ya mitandao haitokei. Nikipiga lspci -nnk (amri ya kuorodhesha vifaa vya ndani) kadi ya WiFi inaonekana, ila ule mstari wa draiva inayotumika hakuna.

Halafu anakuja mjuaji: "Mbona Debian 12 inakuja na fimwea?" Ndiyo, fimwea, yaani programu ya chipu yenyewe, tangu 2023 imo humo humo kwenye instola. Lakini fimwea ni kitu kingine na draiva ni kitu kingine, mkuu! Draiva ndiyo inayoipakia fimwea kwenye chipu. Chipu yangu haina draiva ndani ya kerneli (kiini cha Linux), sasa hiyo fimwea ipakiwe na nani? Draiva iliyopo ni ile iliyofungwa, isiyoonyesha msimbo wake, ya watengenezaji wenyewe (siwataji, mods wasije wakafunga uzi), inayosukwa upya na zana iitwayo DKMS kila kerneli ikibadilika. Na wao walishaitelekeza zamani. Unasasisha mashine usiku, draiva inagoma kusukwa kwa kerneli mpya, asubuhi huna WiFi.

Wengine wanakwambia "pakua tu draiva". Nipakue na nini? Ilibidi nichomeke simu kwa waya wa USB, nikaunguza bando langu kwa hedazi za kerneli na gcc (vitu vya kusukia draiva), ili nipate intaneti ambayo nyumbani tayari nailipia!

Nikasema nibadilishe kadi, maana zile za zamani za Atheros zinazotumia draiva ya ath9k hazidai hata fimwea. Nikaitafuta, nikafungua mashine, nikafunga. BIOS, programu inayowasha mashine, ikagoma kuendelea, eti kadi haijaidhinishwa. Laptopu hela yangu, kadi hela yangu, halafu kampuni ndiyo inichagulie WiFi? Hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Wanaoandika draiva bure sina ugomvi nao, hao wananyimwa hata maelezo ya chipu.

Vidude vya WiFi vya USB navyo ni bahati nasibu. Boksi limeandikwa "Linux", ndani kuna CD. CD! Laptopu yenyewe haina pa kuiweka. Muulize muuzaji ni chipu gani, atakujibu "hiyo inashika balaa, kaka". Mimi natafuta chenye chipu ya MT7601U, draiva yake imo ndani ya kerneli tangu toleo la 4.2 la 2015, lakini boksi halisemi.

Mwenye kidude hicho, awe Ujiji, Kasulu au hata Tabora, apige lsusb (amri ya kuorodhesha vifaa vya USB) kwanza. Akiona 148f:7601, namba ya chipu hiyo, aje PM (ujumbe wa faragha), gharama ya kukituma kwa basi ni juu yangu. Wale wa "rudi Windows" wapite kimya kimya.