Gitaa moja kavu linalia kama mawili: huyu Jorma Kaukonen anafanyaje?

Gumba_la_Mwanjelwa

Wakuu, habari za jioni. Napiga solo kwenye kwaya moja hapa Mwanjelwa, huu mwaka wa sita, na nikishika piki, kile kiplastiki cha kuchapia nyuzi, sina wasiwasi. Seben ya Kikongo niwekee tu. Kinachonitesa ni hiki: mwezi uliopita jamaa wa malori ya Tunduma aliniachia flashi yenye nyimbo za roki za zamani za Marekani. Humo nikawakuta Jefferson Airplane wa San Francisco, magitaa ya umeme yananguruma kama mashine ya kusaga. Sawa, nikasikiliza. Halafu kwenye albamu yao ya 1967, Surrealistic Pillow, makelele yakakatika ghafla. Gitaa kavu peke yake. Hakuna ngoma, hakuna mwimbaji, hata dakika mbili hazifiki limekwisha. Inaitwa Embryonic Journey. Nikairudia mara nne nimesimama, chai inapoa mkononi.

Kumfuatilia mpigaji, kumbe ni Jorma Kaukonen, yuleyule wa solo la umeme. Nikashusha na albamu ya kwanza ya Hot Tuna, ya 1970, yeye na mpiga besi Jack Casady, imerekodiwa laivu klabuni kule Berkeley. Huko ndiko nilikochanganyikiwa. Casady yuko na besi yake, lakini kuna besi nyingine ndogo inatembea pum-pa pum-pa ndani ya gitaa la Jorma mwenyewe, juu yake melodi inajirukia inavyotaka, na bado anaimba!

Mtu wa roki aliyatoa wapi haya? Na mbona gumba langu linaburutwa na vidole vingine kama mbuzi wa mnadani? Nina wiki tatu. Mke wangu ameshanihamishia stoo.

FundiRedio

Mkuu, gitaa kavu lilitangulia, roki ilimkuta njiani. Jorma alizaliwa Washington mwaka 1940. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Marekani wa kuhamishwa nchi na nchi, ndiyo maana utoto wake una Pakistani na Ufilipino ndani yake. Alipofika chuo cha Antioch, Ohio, akamkuta Ian Buchanan, na huyo ndiye aliyemfundisha kupiga kwa vidole na kumwambukiza ugonjwa wa Mchungaji Gary Davis.

Baadaye akahamia California. Kuna mkanda wa 1964, yeye na mwimbaji Janis Joplin kabla dunia haijamjua, wanapiga bluzi nyumbani huku mke wa Jorma anachapa taipureta pembeni, ta-ta-ta-ta, na sauti yote imo. Mpaka leo watu wanauita mkanda wa taipureta. Airplane kaingia mwaka uliofuata. Hata jina la bendi ni yeye aliyelileta, lilianza kama utani wa rafiki yake kuhusu majina ya wapiga bluzi wa zamani, wakina Blind Lemon Jefferson.

Sasa Davis. Amezaliwa South Carolina 1896, kipofu, mhubiri aliyepiga gitaa mitaani New York, kafariki 1972. Maneno yake mengi ni ya injili lakini mkono ni wa ragitaimu, muziki wa zamani wa Wamarekani weusi. Na ragitaimu asili yake ni piano: mkono wa kushoto unaruka besi-kodi, besi-kodi (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), wa kulia unatupia melodi katikati ya mapigo badala ya kuikalisha juu ya pigo. Wapiga gitaa wakalipa gumba kazi ya ule mkono wa kushoto. Hakuna gitaa la pili hapo, ndugu yangu.

Binti_wa_Njombe

Kuna kitu hamjakisema. Jorma anavaa piki ya gumba na mbili za vidoleni, ndiyo maana besi yake inasikika wazi. Dukani kwetu huku hazipo. Mimi nimekata kipande cha bomba la plastiki la nusu inchi, nikakichovya kwenye maji ya moto, nikakivisha gumbani kikiwa laini. Kimekaa. Ila mwezi wa saba, na baridi hii ya Njombe, hata bomba lenyewe halisaidii, vidole vinakuwa vya mtu mwingine.

MzeeWaKihesa

Kamwene wanangu. Nimesoma nikacheka peke yangu. Mnakwenda kumtafuta Ohio mtu ambaye tulikuwa naye hapo Katanga, Kongo.

Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, Mwenda wa Bayeke. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi 1952 kule Jadotville, siku hizi Likasi, na wimbo wake Masanga ukasambaa kwenye santuri. Aliimba Kiswahili, kile cha Katanga ambacho sisi tunaelewa nusu na nusu tunabahatisha. Alipiga kwa vidole viwili: gumba na shahada. Na Gary Davis je? Gumba na shahada, basi. Huyo Jorma wenu ameongeza kimoja.

Baba yangu mdogo alikwenda migodi ya shaba ya Kopabelti, Zambia ya leo, kama vijana wengi wa huku kwetu enzi hizo. Alirudi Iringa na sanduku la bati, koti la sufu, na gitaa la galatoni lenye nyuzi tano, wa sita aliutengeneza kwa waya wa breki ya baiskeli. Nilipomwomba anifundishe alinifunga kidole cha shahada kwa kitambaa. Wiki mbili ni gumba tu, kodi ya C, uzi wa tano, uzi wa nne, tano, nne. Na wakati napiga ilibidi nimsimulie habari za shule, nani kachapwa, mwalimu kasema nini. Gumba likiyumba wakati nasimulia, naanza hadithi upya. Nilimchukia. Siku aliyofungua kitambaa, shahada ilikuta gumba linatembea lenyewe kama punda anayejua njia ya nyumbani.

Kwa hiyo wewe wa Mwanjelwa, hujakosa kipaji. Umekosa kitambaa. Na usianze na hiyo Embryonic, pale uzi mnene umeshushwa kutoka E hadi D, utatafuta besi usiione. Anza na Hesitation Blues, ambayo Davis aliipiga na Hot Tuna wakaifungulia albamu yao. Inaingia na kodi za Am, E7, halafu inakuja C. Melodi ibane kwanza pamoja na gumba, kitu kimoja. Likishakaa, ndipo uicheleweshe nusu pigo.

FundiRedio

Shikamoo mzee. Lakini Mwenda si ragitaimu. Mapigo yake yana mzunguko mwingine kabisa.

MzeeWaKihesa

Marahaba. Ragitaimu umeileta wewe. Mimi nimesema gumba.

Gumba_la_Mwanjelwa

Nimerudi wakuu. Siku kumi na mbili za kitambaa (soksi ya mtoto, kusema kweli). Mzee, ndaga fijo. Leo nimekaa jikoni, nimeruhusiwa kurudi, napiga tano, nne, tano, nne, huku namsimulia mke wangu bei ya viazi Uyole na jinsi dalali alivyotaka kuniongezea gunia la lumbesa. Hadithi nzima, gumba halijayumba hata mara moja. Nikamtazama kwa majivuno.

Akaniuliza, "Na ile hela ya ada umeiweka wapi?"

Gumba likasimama.