Utafiti wa usalama wa mitambo ya maji inayoendeshwa kwa kompyuta: nianzie wapi?

Mwanachuo:
Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Ninaandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu usalama wa mifumo ambamo kompyuta huendesha mitambo halisi. Nimechagua mradi mdogo wa maji: kisima, pampu moja, tangi, na kidhibiti cha PLC (kompyuta ndogo ya viwandani) kinachosoma sensa, yaani kihisi, ya kina cha maji ili kuwasha au kuzima pampu. Nilikusudia kusimba (kugeuza kuwa maandishi ya siri) mawasiliano kati ya sensa na PLC, lakini msimamizi wangu amenirudishia andiko akisema kwamba nimelinda ujumbe nikayasahau maji. Naomba mnifafanulie.

FundiPampu:
Msimamizi wako ana hoja, ndugu yangu. Kusimba kuna faida, hasa ukikumbuka kwamba Modbus, itifaki (kanuni za mawasiliano kati ya vifaa) ambayo bado imejaa viwandani, ilitolewa mwaka 1979 na kwa asili yake haimwulizi mtoa amri kuwa yeye ni nani. Hata hivyo, soma kisa cha Maroochy, Australia. Mwaka 2000, mtu aliyewahi kufanya kazi katika kampuni iliyofunga mfumo wa maji taka wa eneo hilo alizivuruga pampu kwa redio na kompyuta, na lita zipatazo 800,000 za maji machafu zikamwagika katika bustani na vijito. Mwanzoni vituko vile vilidhaniwa kuwa hitilafu za mfumo mpya, jambo ambalo fundi yeyote angelidhani, nami nikiwamo.

Mtafiti wa Udhibiti:
Nyongeza. Stuxnet, programu hasidi ya kompyuta iliyogunduliwa mwaka 2010, ilibadilisha kasi ya mashinepewa (mitambo inayozunguka kwa kasi kubwa) za kurutubisha urani kule Natanz, Iran, huku ikiwaonyesha waendeshaji vipimo vya kawaida vilivyorekodiwa kabla. Ujumbe wa namna hiyo ungesimbwa ungefika salama kabisa, ukiwa bado ni uongo.

Ndiyo maana watafiti wengi sasa huchukua sheria za fizikia kama shahidi. Chukulia tangi lako lina eneo la mita za mraba 20, pampu inaingiza mita za ujazo 30 kwa saa, na wateja wanatumia 10. Kina lazima kipande mita 1 kwa saa. Sensa ikishikilia kwamba hakijabadilika, basi pampu haisukumi, au bomba limepasuka, au kuna namba inayodanganya. Kwa vyovyote mwendeshaji anapaswa kwenda kutazama.

FundiPampu:
Naafiki, ila usiweke kizingiti (tofauti inayoamsha king'ora) chembamba mno. King'ora kikilia kila mara kipimo cha mtiririko kinapoyumba kidogo, waendeshaji watakizima kabla ya mwezi kwisha. Pia usitenganishe ufanisi na usalama. Pampu ikiharibika, matumizi hayo ya mita za ujazo 10 yanashusha kina nusu mita kwa saa: akiba ya mita 2 inakupa saa 4 za kutengeneza, lakini ukibana umeme ukaacha akiba ya nusu mita, umebakiwa na saa moja.

Mwanachuo:
Nashukuru sana, wakubwa zangu. Je, nikiongeza boya la kuzima pampu tangi linapojaa, nalo litahesabika kuwa shahidi wa pili?

Mtafiti wa Udhibiti:
Inategemea waya wake unakwenda wapi. Ukiishia kwenye PLC ileile, atakayeiteka PLC atakuwa amewateka mashahidi wote wawili. Ukate moja kwa moja umeme wa koili ya kontakta ya pampu, yaani swichi ya umeme inayoiwasha pampu. Mwaka 2017, katika kiwanda cha petrokemikali nchini Saudi Arabia, washambuliaji walifikia hata vidhibiti vya usalama, ambavyo kazi yake ni kuzima mtambo hatari inapotokea, na swichi ya ufunguo ilikuwa imeachwa katika hali inayoruhusu kubadilisha programu. Boya lenye waya wake haliandikwi programu upya kutoka mbali. Panda mwenyewe tangini ukalijaribu kila mwezi, kwa sababu nalo hukwama kwa kutu.